Mfuko wa Kibonge

Jumatatu asubuhi, kabla kengele ya shule haijalia, mama mmoja kijana alisimama kwenye kibaraza cha fundi cherehani. Mgongoni alibeba mtoto. Mkononi alishika mfuko wa bluu. Mtoto alikuwa wa kike, mwaka mmoja na miezi miwili, mashavu yamejaa hadi macho yanaonekana kwa taabu. Kwenye kadi ya kliniki alikuwa na jina refu na zuri, lakini mtaa mzima ulimwita Kibonge. Basi mama yake akaitwa Mama Kibonge. Na baba yake, ambaye sasa aliishi nyumba nyingine, akaitwa Baba Kibonge.

Mama Kibonge alikuwa dobi. Alipiga pasi siku nzima, amesimama, mvuke usoni. Nawaambieni, dada huyo aliijua kazi! Shuka likitoka mikononi mwake lilikuwa limenyooka kama karatasi. Hata nepi za mwanawe alizipiga pasi. Ukifungua ule mfuko wa bluu, kila kitu kilikaa mahali pake: magauni chini, nepi katikati, chupa ya maziwa pembeni.

"Bi Sindano, mtoto wako huyu hapa," alisema.

Fundi cherehani aliitwa Bi Sindano kwa sababu alizoea kubana sindano midomoni huku akipiga soga. Alizitoa moja moja, akazichomeka begani, akampokea mtoto.

"Mbona leo amepoa? Siku zote angekuwa ameshanivuta hereni."

"Hakulala vizuri."

"Nimwambie nini baba yake?"

"Usimwambie kitu. Ana macho. Ataona mwenyewe."

"Hata salamu?"

"Hata salamu."

Akambusu Kibonge kwenye paji la uso, akaondoka mbio mbio. Alijua kwamba baada ya robo saa Baba Kibonge angefika pale na baiskeli yake, amchukue mtoto, aende naye kwenye karakana yake. Jumatano jioni angemrudisha hapo hapo kwa Bi Sindano, na mama angemfuata baadaye. Kwa miezi minne mambo yalikwenda hivyo. Baba na mama hawakuonana hata mara moja. Mtoto alipita katikati yao kama kifurushi.

Najua mnataka kuuliza wamefikaje huko. Haya, niwaambie.

Walioana vijana sana. Mke alikuwa na miaka kumi na tisa, mume ishirini na mmoja. Walipendana, tusiseme uongo. Yule kijana alikuwa fundi baiskeli, mcheshi, mikono myepesi. Alimtengenezea mchumba wake kiti cha nyuma cha baiskeli chenye mto, na watu wakawatania mpaka wakachoka. Mwaka wa kwanza walicheka. Kisha akaja mtoto, na usingizi ukaondoka. Mke alipiga pasi kutwa, akarudi nyumbani kukuta kazi nyingine inamngoja. Mume alirudi na mikono myeusi ya mafuta ya cheni, akajitupa kitandani. Siku moja akaacha alama ya vidole vitano kwenye shuka jeupe lililotoka kupigwa pasi.

Basi hapo ndipo palipoharibika. Lakini si shuka, jamani! Shuka lilifuliwa likatakata. Ni kwamba wale wawili hawakujua kusemezana. Mke akikasirika alinyamaza siku tatu. Mume akikasirika alipaza sauti, halafu akatoka nje akakaa kwa mama yake. Na huko kwa mama, maneno yakatiwa chumvi. Dada wa mke naye akatia pilipili. Hakuna aliyempiga mwenzake. Hakuna aliyekuwa na mtu wa nje. Walikuwa vijana wawili waliobeba mzigo kabla mabega hayajakomaa. Ndoa haikutimiza miaka miwili. Mke akachukua mtoto na nguo zake, akahamia kwa dada yake.

Jambo moja walikubaliana: mtoto angekaa na mama, na kila Jumatatu hadi Jumatano angekuwa kwa baba. Kwa hilo peke yake walistahili kupongezwa. Wangapi hawakubaliani hata hilo?

Lakini wiki moja kabla ya Jumatatu ile Baba Kibonge alimtuma Bi Sindano ujumbe: "Mwambie lile sweta linambana mtoto." Mama Kibonge aliposikia, damu ilimchemka.

"Ananifundisha kumvisha mwanangu? Yeye asiyejua hata kunawa mikono?"

Akaapa hatamtumia neno lolote tena. Lolote lile.

Na ndiyo sababu Jumatatu ile hakusema kwamba Kibonge alikuwa na homa tangu jana. Hakusema kwamba alfajiri, saa kumi na mbili kamili, alimpa dawa ya maji ya kushusha homa, ile nyekundu. Aliitia chupa ndani ya mfuko, kati ya nepi na maziwa, akafunga zipu.

Saa tano na nusu alikuwa amesimama mezani anapiga pasi mashati ya mteja mmoja. Pale kwa dobi palikuwa na sheria moja. Kila nguo iliyoingia ilibanwa kikaratasi: namba, jina la mwenyewe, doa liko wapi, maji ya moto au ya baridi. Nguo isiyo na kikaratasi haikuguswa. Mama Kibonge ndiye aliyewafundisha wafanyakazi wapya sheria hiyo, na alikuwa mkali kwelikweli.

Ghafla Bi Sindano akaingia, anahema, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni.

"Mama Kibonge, acha pasi hiyo. Mtoto yuko zahanati."

"Amefanya nini?"

"Anatapika. Amelegea. Baba yake amepita kwangu akimpeleka mbio. Twende!"

Alichomoa waya wa pasi, akatoka na kandambili za kazini, aproni kiunoni. Njia nzima aliomba kitu kimoja tu: amkute mwanawe mzima.

Alimkuta Kibonge amelala kwenye kitanda cha chumba cha uchunguzi, macho nusu wazi, midomo mikavu. Baba Kibonge alisimama pembeni, shati limelowa jasho. Ilikuwa mara ya kwanza kuonana baada ya miezi minne.

"Umemfanya nini mwanangu?" mama alisema.

"Mimi? Umeniletea mtoto mgonjwa bila kusema!"

"Huna macho?"

"Na wewe huna mdomo?"

"Nyamazeni wote wawili," sauti ikasema.

Alikuwa ni nesi wa zahanati, mwanamke mfupi, amevaa saa mkononi. Hakupaza sauti. Alisogeza kiti, akakaa katikati yao, kalamu mkononi.

"Sitafuti mwenye kosa. Mtoto huyu hana haja na mwenye kosa. Ana haja na saa. Mama, tangu jana umempa dawa gani, mara ngapi, na ya mwisho saa ngapi?"

"Mara moja tu. Ile nyekundu ya homa. Leo saa kumi na mbili asubuhi."

Baba Kibonge aligeuka kumtazama.

"Baba, na wewe?"

"Saa mbili nilimshika paji la uso, nikaona anaungua. Nikaenda duka la dawa, nikanunua hii." Akatoa mfukoni chupa yenye dawa ya rangi ya chungwa. "Nikampa kijiko cha chai, kikajaa. Baadaye, saa nne, nikatafuta nepi kwenye mfuko. Nikaiona hiyo nyekundu. Nikadhani ni dawa nyingine, labda ya kifua. Nikasema, mama yake ameiweka, basi ana sababu. Nikampa na hiyo."

Nesi aliandika: saa kumi na mbili, saa mbili, saa nne. Kisha akaziweka zile chupa mbili pamoja, akawaonyesha maandishi madogo ya chini.

"Someni hapa. Na hapa. Rangi mbili, majina mawili ya dukani, lakini ndani ni dawa moja. Na hii ya chungwa ni ya watoto wakubwa, kali zaidi. Amepewa mara tatu ndani ya saa nne. Dawa hii ni nzuri mtoto akipewa kwa kipimo chake. Ikizidi, huumiza ini."

Mama alijishika kichwa. Baba akakaa chini sakafuni, palepale.

"Atapona?" aliuliza.

"Mmemleta mapema. Sasa nimepata saa zake, na daktari ataweza kufanya kazi. Atapimwa damu, na atalala hapa tumwangalie. Kadi yake ya kliniki iko wapi? Nataka uzito wake wa mwisho."

"Iko kwa dada yangu," mama alisema. "Kabatini."

Nesi alimtazama, kisha akamtazama baba. Akasema polepole, "Sikilizeni wanangu. Nyinyi nyote mnampenda mtoto huyu, naona. Lakini mama anajua nusu ya siku yake, na baba anajua nusu nyingine. Anayeijua siku nzima hayupo."

Siku ile na usiku wake sitaki kuvieleza. Mzazi anajua. Niseme tu kwamba wazazi wote wawili walikaa kwenye benchi moja la mbao, na hakuna aliyeondoka. Jumanne asubuhi majibu ya damu yalikuja mazuri. Daktari akaona kwamba homa ilitoka sikioni, akampa dawa ya sikio. Kibonge akaamka, akamwona Bi Sindano, akavuta hereni. Bi Sindano akalia kwa furaha na maumivu pamoja.

Kisha wakaja ndugu.

Mama yake Baba Kibonge alifika na kitenge kipya. "Mnaona sasa? Mungu anawaambia mrudiane. Rudini nyumbani kwenu yaishe!"

Dada yake Mama Kibonge akaruka. "Warudiane wapi? Mtoto hatakanyaga tena kwa shemeji. Mimi mwenyewe nitamlea!"

Sauti zikapanda. Mama Kibonge alikuwa akikunja nepi kwenye kitanda. Alitazama mikono yake ikikunja, akakumbuka vile vikaratasi vya kazini. Shati la mtu asiyemjua halikutoka mezani kwake bila maelezo. Na mwanawe alimtoa nyumbani na homa, bila hata neno moja! Aibu ikampanda mpaka masikioni. Lakini alipiga moyo konde.

"Mama mkwe," alisema, "nakuheshimu. Na wewe dada, umenipa pa kulala, sitasahau. Lakini naomba mnisikilize. Sisi hatutarudiana. Ndoa yetu imekwisha, tusidanganyane. Ila Baba Kibonge hajaacha kuwa baba. Jana alimpakia mtoto akaja mbio, na akasema ukweli wote mbele ya nesi. Angeweza kuficha kile kijiko. Hakuficha."

Baba Kibonge alisogea karibu na kitanda.

"Na mimi niseme," alisema. "Kosa la sweta lilikuwa langu. Si kwa sababu halikumbana. Lilimbana. Ila ningekuja nikwambie mwenyewe, kwa adabu."

"Lilimbana?"

"Kidogo."

"Basi nitafuma jingine," mama alisema, na hata yeye akashangaa kusikia sauti yake haina hasira.

Jamani, mimi nimewaona watu wazima wenye mvi wakishindwa kusema maneno hayo. Hawa walikuwa na miaka ishirini na mmoja na ishirini na mitatu.

Nesi alikuwa mlangoni, amesikia yote. Akaingia na kadi mpya mkononi.

"Kuachana kwenu si kazi yangu," alisema. "Kazi yangu ni mtoto. Mtoto mwenye nyumba mbili anahitaji vitu vichache. Kwanza, mkabidhiane wenyewe, mkono kwa mkono. Msimtume mtu. Mkikabidhiana, semeni mambo matatu: amekula nini, amelalaje, amepewa dawa gani na saa ngapi. Kama kuna ugomvi mwingine, utafutieni siku yake na mahali pake, mtoto asiwepo."

"Na tukisahau?" baba aliuliza.

"Mwandike. Nunueni daftari. Likae ndani ya mfuko pamoja na kadi hii, mfuko uende aendako mtoto. Kabla ya kumpa dawa, fungua daftari kwanza. Soma jina la dawa yenyewe, lile la herufi ndogo, si rangi. Pimeni kwa kikombe kilichokuja na chupa, si kijiko cha chai. Na dawa ya mtoto mkubwa si ya mtoto mdogo. Kama hamna hakika, njooni mniulize. Mimi siumi."

"Na mimi," Bi Sindano akadakia, "leo najiuzulu kazi ya kupokea vifurushi. Nashona nguo, sishoni watu. Kibaraza changu mtakitumia, lakini mtafika kwa wakati mmoja, wote wawili!"

Jumatatu iliyofuata, Mama Kibonge alifika mapema. Baba Kibonge akatokea akisukuma baiskeli. Alikuwa amesugua mikono mpaka imekuwa myekundu. Mama aliiona. Ulimi ukamwasha; alitaka kusema, "Kumbe sabuni unaijua!" Akaumeza usemi huo. Ulikuwa ugomvi wa siku nyingine, na pengine siku yake ilikwisha kupita.

"Habari za asubuhi," alisema.

"Nzuri. Za kwako?"

"Nzuri. Amekula uji, akamaliza. Amelala vizuri, ameamka mara moja. Dawa ya sikio amepewa saa kumi na mbili na nusu. Nyingine ni mchana. Imeandikwa."

"Uji, ameamka mara moja, sikio saa kumi na mbili na nusu," alirudia kijana, amesimama wima kama askari anayepokea zamu.

Bi Sindano alijifanya anatunga uzi. Sindano zote zilikuwa zimemdondoka midomoni.

Haikuwa rahisi, msidhani. Wiki ya tatu walizozana kuhusu kumnyoa mtoto, na Bi Sindano akawafukuza kibarazani wakazozane Jumapili, mtoto akibaki na dada wa mama yake. Wakaenda kweli, wakakaa kwenye benchi la zahanati, wakazozana nusu saa, wakakubaliana. Siku nyingine baba alichelewa, mama akanuna. Lakini hakunyamaza siku tatu. Alisema, "Umechelewa na imeniudhi." Kijana naye hakupaza sauti. Alisema, "Ni kweli. Samahani." Wakati wa ndoa yao hawakuwahi kusemezana hivyo hata mara moja.

Na daftari likajaa. Mama aliandika kwa mistari iliyonyooka. Baba aliandika kama anavyoandika hali ya baiskeli za wateja: "Saa nne, ndizi moja. Saa saba, amelala. Saa tisa, ameamka, honi juu. Choo sawa. Breki hana." Mama alilisoma kazini, mezani pa kupigia pasi, akacheka peke yake. Hakutamani kumrudia. Alicheka tu, na moyo wake ukawa mwepesi.

Mwaka ukapita. Kibonge akaanza kukimbia na kusema. Siku moja ya Jumanne homa ikampanda akiwa kwa baba. Safari hii baba hakukimbilia duka la dawa. Alifungua daftari, akaona hajapewa dawa yoyote tangu Jumapili. Akampa kipimo chake kwa kikombe, akaandika saa. Kisha akapita kwa dobi kumwarifu mama, wakaenda zahanati pamoja.

Nesi wao alikuwa chumba cha pili. Aliyewapokea alikuwa nesi mgeni, kijana, ndiyo kwanza ameanza kazi. Akauliza uzito, baba akataja. Akauliza chanjo, mama akafungua kadi. Akauliza dawa, wakampa daftari. Yule nesi akalisoma, akageuza ukurasa, akageuza mwingine. Dakika mbili hazikuisha, akawa anajua pa kuanzia.

"Tangu nianze kazi nimeona wazazi wakibishana tu," alisema, "lakini hawa! Mnaelewana jamani. Ndoa yenu ina miaka mingapi?"

Mama na baba wakatazamana. Kibonge, aliyekaa mapajani mwa baba huku miguu ameiegemeza kwa mama, aliwatazama kwa zamu.

"Hatuna ndoa, dada," mama alisema. "Tuliachana zamani."

Nesi kijana akafunga daftari. "Mliachana? Na haya yote?"

"Ndiyo," alijibu baba. "Hatuna ndoa. Tuna mtoto."

Kutoka chumba cha pili, yule nesi mfupi akasikika akicheka. Mama Kibonge akachukua kalamu, akaandika saa ya dawa inayofuata kwenye daftari, akalirudisha ndani ya mfuko wa bluu. Kisha akamkabidhi baba ule mfuko, mkono kwa mkono, kwa kuwa ilikuwa bado Jumanne.